Mkono Usiotoka Juu

Nyoka anayejificha hana kasoro. Amejikunja chini ya kigae, kichwa kimezungukwa na mwili, na ukikiinua kigae anajikaza, anatoa pumzi ya kutisha au anakimbilia pembe ya mbali ya kizimba. Hiyo yote ni kazi ya mwili ulio timamu. Mnyama asiye na miguu wala kucha, anayewindwa na tai, nguchiro na karani tamba, akikosa kuogopa hamalizi mwaka. Naanza hapa kwa sababu watu wengi wanaouliza namna ya kumzoesha nyoka mwoga huuliza kana kwamba wanatafuta dawa ya ugonjwa. Woga huo ndio uliowavusha wazazi wake mpaka yeye akazaliwa. Kazi ya sura hii ni kumpa nyoka ushahidi, siku baada ya siku, kwamba mkono mmoja hapa duniani haumo miongoni mwa maadui zake.

Kwetu Singe, pembezoni mwa mji wa Babati, binadamu ndiye anayeongoza maadui hao. Mashamba ya mahindi na mbaazi yanafika hadi kwenye kuta za nyumba. Mavuno yakiingia stoo, panya wanayafuata, na panya nao wanafuatwa na nyoka wa nyumbani: kahawia, mwembamba, mwenye mistari miwili iliyopauka kila upande wa kichwa, mmoja juu ya jicho na mmoja chini yake. Hana sumu. Humbana panya mpaka afe, humla mzima, kisha hutafuta mahali pa kulala. Akionekana juu ya magunia asubuhi, kinachofuata ni sauti ya mtu kuitisha jembe. Mama mmoja jirani yangu, mtu mzima anayenizidi kwa umri na kwa ujuzi wa shamba, aliniambia waziwazi: "Mwanangu, mimi nyoka simuulizi jina." Simlaumu. Katika mashamba hayohayo wamo kifutu na swila, na mtu aliyewahi kumbeba mgonjwa aliyeumwa na kifutu usiku, gari halipatikani, hawezi kutakiwa asimame kwanza ahesabu mistari ya kichwa.

Ila nyoka huyohuyo anayekatwa kwa jembe stoo ni miongoni mwa wale wanaofugwa Ulaya na Marekani na kusifiwa kwa utulivu wao. Wa pili ni boa wa mchangani, mfupi na mnene, ambaye huko nje huitwa kwa jina la Kenya ingawa anapatikana kuanzia Misri mpaka nyika za Tanzania kaskazini. Jike hufikia kama sentimita 80 hivi, dume ni mdogo zaidi, na wote hukaa wamejizika mchangani, macho tu yakichungulia. Wa tatu ni chatu mpira wa Afrika Magharibi, ambaye makazi yake yanaishia Uganda upande wetu. Akitishwa hujikunja duara na kuficha kichwa katikati. Huyo ndiye ambaye msomaji wangu aliyeko Leicester au Toronto anamfuga, amemnunua kwa mzalishaji, naye amezaliwa kizimbani.

Msomaji aliyeko Babati hali yake ni nyingine, na sheria haina utata. Nyoka wa Tanzania ni mnyamapori. Chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 humkamati shambani ukamweka chumbani kwa sababu umempenda. Kumfuga kunataka kibali, na mlango wa kubisha ni ofisi za wanyamapori, ikiwemo TAWA, Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori Tanzania. Mwaka 2016 serikali ilisimamisha pia biashara ya kusafirisha wanyamapori hai nje ya nchi, biashara ambayo kwa miaka mingi iliondoa nyoka, mijusi na vinyonga porini kwa magunia. Naiunga mkono hatua hiyo kwa moyo wote. Nyoka aliyetolewa porini akiwa mkubwa hubeba wadudu wa tumboni, hugoma kula, na woga wake ni wa kweli mara mbili: ameshakamatwa na binadamu na anakumbuka. Kwa hiyo nikisema "nyoka wako" katika sura hii, namaanisha yule aliyezalishwa kizimbani au aliyeko kwenye bustani ya nyoka yenye kibali.

Bustani ya namna hiyo haiko mbali na sisi. Ukitoka Babati kwa barabara ya Arusha, ukapita Makuyuni, unafika Meserani kabla ya Kisongo. Hapo ipo Bustani ya Nyoka ya Meserani, iliyoanzishwa mwaka 1993 na familia ya Bale kutoka Afrika Kusini. Ina koboko na kobra nyuma ya vioo, ina kliniki ambayo imewatibu watu wengi wa vijiji vya jirani walioumwa na nyoka, na mgeni anayetaka hupewa nafasi ya kumshika nyoka asiye na sumu. Kenya wana Bustani ya Nyoka ya Nairobi, jirani na Makumbusho ya Taifa, iliyofunguliwa mwaka 1961, na shamba la nyoka la Bio-Ken huko Watamu, lililoanzishwa na James Ashe na mkewe Sanda mwaka 1980. Mahali pa namna hii ndipo hutokea jambo ambalo Singe halijawahi kutokea: mtoto wa darasa la tatu anamgusa nyoka kwa mara ya kwanza na kugundua kwamba ni mkavu, hana utelezi. Mguso huo mmoja unaweza kubadilisha maisha ya nyoka wengi wa stoo. Lakini unategemea nyoka aliye mkononi mwa mwongozaji. Na nyoka huyo hakuzaliwa akipenda kushikwa.

Ili tumzoeshe, kwanza tujue ulimwengu unamfikiaje. Nyoka hana tundu la sikio wala kope. Mfupa wa sikio umeungana na taya, hivyo akilaza kidevu chini, nyayo zako zinamfikia kabla hujafungua mlango. Sauti za chini za hewani nazo anazipata kiasi. Ulimi wake uliogawanyika hauumi wala hauna sumu, ingawa wengi wetu tumekuzwa tukiamini hivyo. Unaokota chembe za harufu na kuzipeleka kwenye kiungo maalumu kilicho kwenye paa la kinywa, na kwa kuwa una ncha mbili, nyoka hujua harufu imezidi upande gani. Harufu ya mkono wako ndiyo sura yako kwake. Mkono uliotoka kumchinja kuku au kumshika panya ni chakula, na atauuma kwa njaa, bila ugomvi wowote. Mkono uliojaa manukato ni kitu kigeni kila siku. Mkono ulionawa kwa sabuni isiyonukia, ule ule, saa ile ile, una nafasi ya kuwa kitu kinachojulikana.

Kisha kuna swali la upande. Maadui wa nyoka wengi hutua kutoka juu. Kivuli kikishuka juu ya mgongo wake, mwili unajibu kabla ya ubongo kupima, na mfugaji mwenye nia njema anayeingiza mkono kwa juu anajikuta anacheza nafasi ya tai. Mkono uingie kwa ubavu, chini, polepole, ukionekana. Mtu akijifunza jambo hili moja tu katika sura nzima, atakuwa amefanya zaidi ya nusu ya kazi. Nimeona watu wakibadilisha taa, wakibadilisha chakula, wakimlaumu nyoka kwa ukali wa ukoo wake, na kumbe tatizo lote lilikuwa mfuniko wa kizimba unaofunguka kwa juu. Kizimba chenye mlango wa mbele kinaondoa tatizo hilo siku hiyohiyo.

Kwamba nyoka hujifunza, hilo limepimwa. Mwaka 1989, Harold Herzog, Gordon Burghardt na mwenzao walichapisha kazi kuhusu nyoka wadogo wa jamii ya nyoka-majani wa Amerika ya Kaskazini: waliwatishia tena na tena kwa njia ileile, na mashambulizi ya kujihami yakapungua kadiri vitisho visivyo na madhara vilivyorudiwa, kwa viwango tofauti baina ya spishi na baina ya nyoka mmoja na mwingine. Mwaka 1999, David Holtzman wa Chuo Kikuu cha Rochester alionyesha kwamba nyoka wachanga wa mahindi wanaweza kujifunza lilipo tundu la kutorokea kwenye uwanja wa majaribio, na kulifikia haraka zaidi kadiri walivyorudia. Na mwaka 2020, Morgan Skinner na Noam Miller huko Kanada waliwaweka nyoka-majani wachanga pamoja, wakawatazama wakichagua wa kukaa naye, na wakakuta kwamba kila mmoja ana tabia yake inayodumu: wapo jasiri wanaotoka kwenye kibanda kupeleleza, na wapo waoga wanaobaki ndani. Kwangu mimi hilo la mwisho ndilo zito kuliko yote. Spishi moja, umri mmoja, na bado mmoja ni mwoga na mwingine si mwoga. Anayemlinganisha nyoka wake na wa rafiki yake anampima kwa kipimo cha mwingine.

Sasa tufike kwenye kazi yenyewe, nayo inaanza bila kumshika. Nyoka akifika kwenye makao mapya, aachwe. Wiki nzima, na kwa aliye mwoga wiki mbili, usimguse kabisa. Mpe maji, mpe chakula, ondoa kinyesi, basi. Kipimo changu cha kuendelea ni tumbo lake, kalenda haina kauli: asishikwe mpaka ale kwa hiari yake mara mbili au tatu mfululizo. Nyoka anayeogopa hali, na nyoka asiyekula anayeshikwa kila siku anaelekea kufa huku mwenyewe akidhani anamzoesha.

Ndani ya kizimba awe na maficho mawili yanayombana kidogo, moja upande wa joto na moja upande wa baridi. Wafugaji wengi huogopa kuweka maficho kwa hoja kwamba nyoka akijificha hatawazoea. Mambo ni kinyume kabisa. Nyoka mwenye pa kukimbilia huthubutu kutoka; asiye na maficho yuko vitani saa zote ishirini na nne, na mkono unaoingia unamkuta ameshachoka kuogopa. Maficho yawe mawili kwa sababu akilazimika kuchagua kati ya joto na usalama, atachagua usalama, na mwili baridi hauwezi kusaga chakula.

Suala la joto lina uzito wa pekee kwetu. Babati iko juu, kati ya Mlima Kwaraa na ziwa lenye viboko, na usiku wa Juni na Julai watu hulala na blanketi nzito. Nyoka hatengenezi joto lake mwenyewe. Hulichukua kwenye jiwe, udongo na jua. Kwa nyoka wa nyumbani, upande wa joto uwe karibu nyuzi 30 hadi 32, upande wa baridi karibu 25, na kipimajoto kiwe ndani ya kizimba, kwa sababu ukuta wa chumba unadanganya. Taa ya joto ifungwe nje ya wavu asije akajizungusha juu yake na kuungua, na iwe na kidhibiti cha kuizima joto likizidi. Umeme ukikatika usiku wa baridi, nyoka atakuwa mzito asubuhi, hatembei, hatoi ulimi, na mtu asiyejua atafurahi kwamba leo ametulia. Amegandishwa. Mwache apate joto, na siku hiyo asishikwe.

Baada ya hapo anza kuwapo. Kaa karibu na kizimba jioni, wakati nyoka wa nyumbani anapoamka, ukisoma au ukichambua mchele. Siku zinavyokwenda, ingiza mkono uliotulia, uulaze sakafuni mbali naye, umwache aamue. Wapo wafugaji wanaotanguliza fulana waliyoivaa, wanaikunja na kuiweka karibu na maficho, ili harufu yao ipate kujulikana bila mwili unaotembea. Siku ulimi utakapotoka na kupepea polepole juu ya kidole chako, umepokelewa salamu. Usijibu kwa kumnyakua.

Mguso wa kwanza uwe ubavuni, katikati ya mwili. Kichwa usikiguse kwa muda mrefu, pengine usikiguse kamwe. Hata nyoka aliyezoea miaka mingi hurudisha kichwa nyuma akiguswa usoni. Mkia nao usivutwe, kwa kuwa kuvutwa mkia ndivyo adui anavyoanza. Kumwinua, pitisha vidole chini ya mwili sehemu mbili na umbebe, usimkamate. Nyoka hujisikia salama pale mwili wake wote unapokuwa na kitu chini yake. Akining'inia atajikaza, atanyonga kidole, atatafuta pa kushika, na watu watasema amekasirika. Mwache apite kutoka mkono mmoja kwenda mwingine, nawe uwe njia anayopita. Keti sakafuni au juu ya mkeka, asije akaanguka kutoka kimo cha mtu.

Dakika tano zinatosha mwanzoni, mara moja au mbili kwa wiki. Wakati wa kumrudisha ndio wenye elimu kubwa kuliko yote. Ukimrudisha kila anapofoka, anajifunza kwamba kufoka kunalipa. Ukingoja mpaka atulie hata kwa pumzi chache, kisha ukamrudisha, anajifunza kwamba utulivu ndio ufunguo wa mlango wa nyumbani. Hapo pana mpaka ambao mfugaji lazima aujue: kungoja pumzi chache ni tofauti na kumshikilia nusu saa mpaka akate tamaa. Ukiona kiwango cha leo kimemzidi, punguza kesho. Badala ya dakika tano zifanye mbili, au mguso tu bila kumwinua.

Siku nyingine haziruhusiwi kabisa. Akishakula, zipite saa 48 kwa uchache, na zaidi kama mlo ulikuwa mkubwa, kwa sababu nyoka aliyeshiba akisumbuliwa hutapika mlo mzima, na kutapika kunamuumiza kuliko kulala njaa. Akielekea kujivua gamba, macho huwa na ukungu wa rangi ya maziwa. Haoni vizuri, ngozi inamwasha, na hata mpole huuma. Ngoja mpaka gamba litoke. Na chakula kisipewe kwa mkono. Tumia koleo refu, na kabla ya kumshika siku za kawaida mguse ubavuni taratibu kwa kijiti kilicholainishwa ncha, ili ajue kwamba mlango huu umefunguliwa kwa kutembea na si kwa kula. Nyoka huielewa ishara hiyo upesi kuliko wengi wanavyodhani.

Akiuma? Nyoka wa nyumbani na boa wa mchangani wana meno madogo yaliyopindia nyuma. Ukivuta mkono, unayang'oa meno yake na kuchana ngozi yako. Tulia, mwache aachie. Akikataa, maji ya baridi yanasaidia. Osha kidonda kwa sabuni. Kunawa mikono ni lazima hata bila kuumwa, kwa sababu nyoka wengi hubeba bakteria wa salmonela bila kuugua, na kwa sababu hiyohiyo watoto chini ya miaka mitano hawapaswi kuwashika.

Nakuja kwenye jambo linalonigusa kuliko yote, nalo ni nyoka aliyenyamaza. Kanda ya Ziwa, kwa Wasukuma, wapo Bayeye, chama cha watu wanaokamata nyoka, wanaojua dawa za kienyeji za kuumwa na nyoka, na wanaocheza ngoma wakiwa na nyoka hai, chatu hasa. Bujora, nje kidogo ya Mwanza, ambapo padri Mkanada David Clement alisaidia kuanzisha makumbusho ya utamaduni wa Kisukuma, ngoma hizo huonekana kwenye sherehe za Bulabo mwezi Juni. Nawaheshimu Bayeye kwa ujuzi wao; wamemtazama nyoka kwa vizazi vingi wakati sisi wengine tulikuwa tunatafuta jembe. Lakini mtazamaji asijifunze kumlea nyoka kwa kumwangalia chatu aliye shingoni mwa mchezaji, ngoma zikitetemesha ardhi na mamia ya watu wakipiga kelele. Chatu yule akitulia, huenda amezoea, na huenda mwili umeacha kujitetea kwa sababu haukuona faida.

Tofauti hiyo inaonekana kwa anayetaka kuiona, na haihitaji vifaa. Nyoka aliyezoea hutoa ulimi mara kwa mara, taratibu, ukienda juu na chini. Misuli yake ni laini, anashika mkono bila kuubana, anaangalia huku na huko, anabadilisha mwelekeo kwa hiari yake. Nyoka aliyekata tamaa ulimi umejificha. Mwili ni mgumu au umelegea mno, kichwa kimebanwa chini ya mkunjo, pumzi zinaonekana ubavuni zikienda haraka. Nyoka wa kwanza akiwekwa chini hutambaa kupeleleza. Wa pili hukimbia, au hubaki pale alipowekwa kama kamba iliyotupwa. Wote wawili hawaumi, na mgeni mwenye simu ya kupigia picha hataona tofauti. Mwongozaji lazima aione. Bustani inayompitisha nyoka mmoja mikononi mwa watalii kuanzia asubuhi mpaka jioni inawafundisha wageni jambo zuri kwa kumtesa mwalimu. Nyoka wawe kadhaa, wapokezane, kila mmoja awe na siku zake za kupumzika, na mwenye kuficha ulimi arudishwe ndani hata kama foleni bado ndefu.

Mkono wa mtu nao unahitaji kuzoeshwa. Kijana wa Singe anayeanza kazi kwenye bustani ya nyoka anakuja na mafunzo ya utoto wake yote, na vidole vyake vinatetemeka. Nyoka huhisi mtetemo huo kwa mwili mzima. Ni bora aanze kwa kumtazama mwenzake kwa siku nyingi, kisha aguse ubavu wa nyoka aliyetulia mikononi mwa mwenzake, kabla hajapewa nyoka mwoga. Waoga wawili wasikutanishwe siku ya kwanza.

Na kila nilichoandika kinamhusu nyoka ambaye spishi yake imethibitishwa na mtu anayejua. Narudia kwa sababu kosa hapa halirekebishiki. Katika ardhi yetu yupo nyoka mdogo mweusi anayeishi chini ya udongo, wa jamii ya Atractaspis, ambaye huchanganywa na nyoka wasio na madhara. Meno yake ya sumu hutokeza pembeni bila yeye kufungua kinywa, kwa hiyo hata ukimshika nyuma ya kichwa kwa ustadi, anakuchoma. Hashikiki kwa namna yoyote. Karl Patterson Schmidt, mmoja wa wataalamu wakubwa wa nyoka wa Marekani katika karne iliyopita, aliumwa huko Chicago mwaka 1957 na nyoka mchanga wa miti kutoka Afrika aitwaye boomslang. Aliona jeraha ni dogo, akaendelea kuandika dalili zake, na akafa siku iliyofuata. Nyoka huyo yupo Tanzania. Shirika la Afya Duniani, ambalo mwaka 2017 liliweka kuumwa na nyoka katika orodha ya magonjwa ya tropiki yaliyosahaulika, linakadiria kwamba kati ya watu 81,000 na 138,000 hufa kwa sababu hiyo kila mwaka duniani. Mtu akiumwa na nyoka asiyejulikana, asikatwe, asinyonywe, asifungwe kamba. Kiungo kitulizwe, pete na bangili zivuliwe, na safari ya hospitali ianze mara moja. Nyoka wa porini hazoeshwi. Huachwa apite, au huitiwa maofisa wa wanyamapori.

Baada ya miezi kadhaa ya kazi hii, nyoka wengi waliozaliwa kizimbani hukubali. Hawakupendi kwa namna mbwa anavyompenda mtu, nami sitamwahidi msomaji hilo. Wanaacha kukuhesabu kama hatari, wanakutumia kama tawi lenye joto, wanatoka mafichoni ukiwa chumbani. Kwa mnyama aliyeumbwa kuogopa hivyo, ni heshima kubwa.

Wapo pia wasiokubali. Umefanya yote, mwaka umepita, na kila mkono ukiingia anajikunja kwa kushambulia au anaficha ulimi. Huyo asishikwe tena isipokuwa kwa matibabu na usafi, na hata hapo ahamishwe pamoja na maficho yake, asitolewe ndani yake. Bado atakula panya wake kila baada ya siku saba hadi kumi, atajivua gamba, na akiwa jike huenda akataga. Kwenye bustani, kibao cha kizimba chake kiandikwe kwamba huyu hashikwi, na mwongozaji anayeulizwa sababu aieleze bila kuona haya, kisha awapeleke wageni kwa yule mwingine aliyekwisha kuinua kichwa mlangoni akipepea ulimi.